Komande ya Mwisho Ndiyo ya Kweli

Kanuni ile niliitoa mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa na hasira. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akamlaumu kijana wa kompyuta. Yeye aliuliza tu.

Ilikuwa katika depo ya Bweremana, pale mizigo inaposhushwa kutoka kwenye boti na kupangwa kabla ya kupandishwa milimani. Tunauza vitu vya nyumbani: vitenge, ambavyo kwetu tunaviita vikwembe, redio, betri, masufuria, majembe. Wateja hawaji mlangoni. Wanaagiza kwa simu, na agizo lenyewe tunaliita komande. Miaka yangu ya kwanza komande zote zilipita mikononi mwangu, nikaziandika daftarini kwa namna yangu: mama wa mapacha, sufuria mbili; yule fundi anayechechemea, misumari. Nilikuwa na ulimi mkali na wateja waliniogopa, lakini hakuna aliyepokea sufuria ya mwenzake.

Kisha mwenye depo akaleta kompyuta ya kufanya kazi hiyo peke yake. Ujumbe wa mteja unaingia wenyewe, kompyuta inausoma, inaangalia stoki, inachagua katoni, inatoa karatasi ya kubandika. Mpakiaji anafuata namba ya rafu tu, hana haja ya kujua anampakilia nani. Kijana aliyekuja kutoka Goma kuipanga alikaa ubavuni mwangu wiki nzima akiniuliza jinsi ninavyofanya hiki na kile, naye anaandika.

Asubuhi moja mlevi wa Sake alikuwa amenipigia mara nne. Anataka redio ndogo. Hapana, kubwa. Hapana, ndogo, ila nyekundu. Nilikuwa bado namtukana kimoyomoyo kijana aliponigeukia.

“Mama, nimero moja ikituma komande mbili siku moja, tufanye nini?”

“Futa zote, ubakize ya mwisho,” nikasema. “Muntu mwenye kubadilisha akili, ya mwisho njo ya kweli.”

Wapakiaji wakacheka sana. Nami nikafurahi kuchekesha. Kijana akaandika.

Sasa, mimi nimezaliwa kwenye kilima kilicho juu ya Mweso, ambako mtandao unashika mahali pamoja tu, nyuma ya kanisa. Kuna mzee mmoja pale, papa kama tunavyowaita wazee, mwenye paneli ya jua, na simu yake ndiyo simu ya kilima kizima. Jumapili baada ya ibada watu wanajipanga mbele yake, kila mmoja anataja anachotaka, naye anaandika na kutuma, mmoja baada ya mwingine. Familia ishirini, namba moja. Nimekulia humo. Nimesimama kwenye mstari ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na siku ile jambo hilo halikunijia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nawaza mlevi wa Sake.

Mwezi wa kwanza mwenye depo alifurahi. Komande zilikuwa chache na safi, hakuna kelele, hakuna maswali. Kwa kuwa kazi ilipungua, wawili kati ya wale waliocheka walirudishwa nyumbani. Mimi nikapewa kiti chenye magurudumu na cheo, nikaitwa responsable, yaani msimamizi. Nilikizungusha kiti kile siku ya kwanza mpaka nikaona aibu.

Malalamiko ya milimani yalianza kufika wiki chache baadaye, nami nikaelewa mara moja. Hakukuwa na fumbo lolote. Kompyuta ilikuwa inamchukua mtu wa mwisho kwenye mstari na kuwatupa wengine wote, kisha inawatumia ujumbe kwa Kifaransa kwamba komande zao zimefutwa kwa kuwa zimerudiwa. Papa mwenye simu hasomi Kifaransa. Ningeweza kwenda kwa mwenye depo nikamwambia: kanuni ni mbaya, niliitoa mimi, tuibadilishe. Ni maneno ya dakika moja. Sikuyasema. Nilipenda kiti. Waliopiga simu kulalamika niliwajibu, “Muandike muzuri! Ao hamukusoma?” na kukata.

Dada yangu hakulalamika. Dada yangu mkubwa, mjane, anaishi pale pale kilimani. Mama yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akalima viazi na kunisomesha. Kifaransa kilichonipatia kazi ya depo kilitoka katika viazi vyake. Nilipopata cheo alinipigia kunipongeza na kuuliza kama naweza kumwekea sufuria kando, nami nikamkata kauli.

“Usinipigiake juu ya mambo ya kazi. Ukitaka kitu, tuma komande sawa bantu bote.”

“Aksanti, mudogo yangu,” akasema. “Njo vile nitafanya.”

Na ndivyo alivyofanya. Mume wake alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na siku ya kumvua dada nguo nyeusi ilipangwa Jumamosi moja. Kwetu siku hiyo ukoo mzima huvaa kikwembe cha aina moja, na mjane ndiye anayekileta. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa na jicho kwenye shamba la kaka yake lililo kando ya mto tangu siku ya mazishi. Alikuwa ametangaza mbele ya watu: siku hiyo ikipita bila nguo, basi mwanamke huyu hakumheshimu kaka yake, atabaki na nyeusi zake na shamba litarudi kwa wenyewe. Dada alinieleza hayo kwa simu bila kulia, akasema nguo zitakuwepo. Hakusema atazipata wapi. Alikumbuka nilivyomkataza.

Jumatatu, nikipitia orodha ya zilizofutwa, nikayaona maneno yake. Papa mwenye simu alikuwa ameyaandika kama alivyoyasikia: vikwembe kumi na mbili ya bulu ya majani mweupe, ya kuvua nyeusi, inatakiwa mbele ya Posho. Posho kwetu ni Jumamosi. Dakika nne baada ya hapo, papa mwenyewe alikuwa ameagiza betri ya paneli yake. Mwenye simu hujihudumia mwisho, ndiyo adabu. Kompyuta ilichukua betri.

Vikwembe vile vilikuwa kwenye rafu nyuma ya kiti changu. Ningenyoosha mkono ningevigusa. Lakini Alhamisi wageni wa mwenye depo walikuwa wanakuja kutazama jinsi kompyuta inavyofanya kazi, na ikiwapendeza, wangefungua depo nyingine kama hiyo Walikale na kuniweka mimi niiongoze. Mwenye depo alikuwa ameagiza kwamba wiki nzima pasionekane komande hata moja iliyoingizwa kwa mkono. Kuirudisha ya dada kulitaka nimwombe ruhusa, na angeuliza kwa nini ilifutwa, na zingine ngapi. Nikajiambia lori la Mweso linaondoka Ijumaa. Wageni wakishaenda Alhamisi, nitaitengeneza. Siku nne nilikaa na vikwembe vile mgongoni, nikala, nikalala vizuri.

Wageni walikuja, wakapenda, wakapiga picha. Walipoondoka nikageuka na rafu ilikuwa tupu. Mfanyabiashara mmoja wa Walikale alikuwa ameagiza aina ile mchana huo huo, na kompyuta ilikuwa imempa vyote. Mpakiaji alivifunga mbele yangu wakati natabasamu na wageni. Vilibaki vya kijani. Nilivishika, nikavirudisha. Dada alikuwa ameshawaonyesha wakwe kipande cha bluu, na kubeba vya kijani kungekuwa kubeba kosa langu kichwani watu wote walione. Huo ndio ukweli, na sina mwingine mzuri zaidi.

Ijumaa nilipanda lori la depo kwenda Mweso, nimevaa nguo zangu za kawaida. Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa naanza kukwea kilima, dereva akaniita.

“Mama responsable, kwa kuwa unapanda, beba na hii ya kwenu. Iko moja tu.”

Ilikuwa ile betri. Kompyuta yetu inajua katoni za aina tatu tu, na betri ilikuwa imewekwa ndani ya ile kubwa, yenye alama ya depo pande zote, imejazwa karatasi ili isicheze. Niliiweka kichwani. Sikufikiri lolote. Nilifikiri njia inateleza.

Uani kwa dada watu walikuwa wamekaa tayari, kila mtu na nguo yake, nyekundu hapa, njano pale. Shemeji alikuwa kwenye kiti cha mbele. Dada alikuwa amesimama mlangoni na nyeusi zake, na aliponiona nikiingia na katoni ya depo kichwani, alipiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia kwake, hata siku ya harusi yake.

“Mudogo yangu amefika! Sikuwaambia? Mulisema haitakuya. Angalieni!”

Alikimbia, akaipokea katoni, akasikia uzito wake, akacheka. Nilijaribu kusema neno. Wanawake walikuwa wameshaanza kuimba. Aliiweka chini mbele ya shemeji kwa heshima zote mbili, ya magoti na ya mikono, akaikata kamba kwa meno. Akatoa karatasi. Akatoa karatasi nyingine. Kisha akaingiza mikono yote miwili akaitoa betri, akaishika hivyo, na nyimbo zikaisha moja moja.

Shemeji hakupandisha sauti. “Betri njo tutavala?” akauliza, na watu wake wakacheka. Halafu akasimama, akachukua fimbo yake, na ukoo wake ukamfuata. Shamba la mto alianza kulilima wiki iliyofuata.

Tulipobaki wawili nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningesema yote. Yeye alikuwa anakusanya zile karatasi na kuzikunja, maana karatasi safi haitupwi.

“Ni kosa yangu,” akasema. “Nilituma vibaya, ile mashine yenu haikunisikia. Mudogo yangu, weye unaijua. Unifundishe, siku ingine nitume muzuri.”

Nikatoa simu yangu. Nikakaa naye kwenye kizingiti, nikashika kidole chake, nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikamwambia mtu aandike polepole, aanze na kitu anachotaka, halafu idadi, halafu rangi. Akarudia baada yangu kama mtoto wa darasa la kwanza, na nguo zake nyeusi, mpaka akaweza. Akanishukuru.