Pedi Nzuri ya Mgeni

Kwenye habari za pedi za gemu mimi nina maneno mengi, na nyumbani kwetu Gongo la Mboto hakuna aliyewahi kuninyamazisha. Watu wanadhani gemu iko kwenye skrini. Gemu iko mikononi. Ukishika pedi mbovu utafungwa hata na anayejifunza, na vidole vitakuuma juu yake.

Sisi tulikuwa nazo tatu. Nyeusi ilikuja na mashine yenyewe, mtumba, kaka yangu aliinunua Buguruni. Ilikaa vizuri mkononi na uzito wake ulikuwa wa kutosha, ila kijiti chake cha kushoto kilishachoka. Ukikiachia, mchezaji anatembea mwenyewe taratibu kwenda pembeni ya uwanja, kana kwamba ameitwa na mama yake. Mdogo wetu wa mwisho aliizoea hivyo hivyo na akawa hataki kusikia ikisemwa vibaya.

Ya pili ilikuwa ya waya. Nyembamba, nyepesi, vishikio vyake vifupi, plastiki ngumu kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichokauka. Kila ukibonyeza inalia ka-ka-ka mpaka unakereka. Ilikaa kwenye droo ya kabati la TV kwa sababu moja tu, kwamba mama yetu hatupi kitu.

Ya tatu ndiyo nyeupe, na hapo sasa ndipo ninapotaka kiti nikae niongee. Ilikuwa mpya, nene, vishikio vyake vinajaza kiganja chote, na vitufe vya nyuma vinabonyea polepole kwa heshima. Kaka aliivalisha kava la raba lenye vinundu, maana joto la Dar mnalijua, hata feni ikizunguka viganja vinatoka maji. Ukiishika hiyo mabega yanashuka yenyewe. Niliwahi kusema mbele ya mchungaji kwamba aliyeitengeneza alikuwa na huruma na watu. Mchungaji akacheka, mama akanikata jicho.

Na mgeni alipewa nyeupe. Hakuna aliyetufundisha. Mgeni hupewa paja la kuku, hupewa kiti chenye mto, na kwetu hupewa pedi nyeupe.

Mchumba wangu nilimpata Mbezi Beach, kwenye hoteli ndogo nilikokuwa nakaa mapokezi. Yeye alikuwa akija kutengeneza viyoyozi. Akiwa mtoto anayetambaa alivuta karai la mafuta ya maandazi, na mkono wake wa kushoto ukapona vibaya: kiganja hakifunguki chote, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimejikunja vikabaki hivyo. Kazini haukumsumbua. Nimemwona juu ya ngazi akishika spana kwa namna yake mwenyewe, anapiga mluzi. Lakini mbele ya watu wapya mkono huo ulikuwa unaishi mfukoni. Na kila nilipomwambia twende tukacheze gemu alijibu, "Mie gemu hapana, sijui." Siku moja tukiwa dukani nilimwona akiokota pedi iliyowekwa ili watu wajaribu. Akaigeuza geuza, akairudisha haraka, akaniuliza kama nina njaa. Niliumia.

Sasa baba yangu, karani mstaafu, ana utaratibu wake. Kijana akija kujitambulisha, yeye hamuulizi mengi. Anakula naye, anampisha, anamwacha na kaka zangu. Jioni anawaita na kuwauliza walichokiona, na neno lao ndilo linalobeba. Na kaka zangu wakiachiwa mgeni watafanya nini? Watawasha gemu. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba ndoa yangu itapita kwenye pedi, na nilijua ni ipi.

Nilitaka kuwaambia mapema. Yeye akakataa. "Usinitangulizie mkono," alisema. "Wanione mie kwanza."

Basi Jumapili hiyo akaja, kapiga pasi shati mpaka linasimama. Shikamoo mzee, shikamoo mama, vizuri kabisa. Tukala ndizi nyama, yeye kwa mkono wa kulia, wa kushoto chini ya meza. Baba alikuwa anatazama sahani yake, lakini baba akitazama sahani ndipo anapoona kila kitu. Alipomaliza akanawa, akaaga anakwenda kujinyoosha kidogo chumbani.

Mlango haujafungwa vizuri, TV imewaka. Kaka mkubwa akaitoa nyeupe kwenye chaji, akaifuta kwa fulana yake, akaikabidhi kwa mikono miwili. "Karibu shem. Hii ndiyo ya kwako."

Nilikuwa mlangoni na sinia la glasi.

Akaipokea na kushukuru. Kishikio cha kushoto hakikuingia kwenye kiganja, kiliegemea tu chini ya gumba, na pedi nzima ikawa inalala upande. Kitufe cha nyuma kushoto ndicho cha kubadilisha mchezaji anayekaba, na kidole chake hakifiki kule hata kwa dawa. Kwa hiyo mabeki wake walisimama wanaangalia, kaka anapita katikati yao anafunga. Bao. Tena bao.

"Shem, unatuachia," mdogo wangu akasema, anacheka.

"Hapana, bado naizoea."

"Usitufanyie hivyo bwana. Hapa hakuna ukwe, cheza mpira!"

Likaingia la tatu, na safari hii kaka mkubwa hakushangilia. Nikamwona taya linakaza. Kwake yeye hakuna dharau kubwa kama mtu kukuachia ushinde. Alidhani huyu kijana anamnunua kwa mabao, na mtu wa hivyo jioni asingempitisha.

Nilikasirika jamani. Niliwakasirikia kaka zangu kwa ukarimu wao, nikaikasirikia ile nyeupe niliyoisifu miaka yote, nikamkasirikia na aliyeitengeneza, eti ana huruma na watu. Watu gani? Alipima mikono ya nani? Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme mwenyewe, liwalo na liwe.

Mchumba wangu akasimamisha mchezo. Akaiweka nyeupe mezani, kisha akauweka mkono wake wa kushoto pembeni yake, juu ya kitambaa cha kufuma cha mama, umefunguka mpaka mwisho wake.

"Shemeji, siwaachii," alisema. "Huu mkono haufiki huko nyuma. Hamna nyingine nyembamba?"

Nikausikia mlio wa feni. Niliijua saa kama hiyo, ameshanisimulia: watu husema pole, kisha hutazama dari, kisha huanza kuongea habari za mvua. Nikawa nawaomba kimoyomoyo, msiseme pole, tafadhali msiseme pole.

Mdogo wangu aliinama, akautazama ule mkono kwa makini, kama anavyotazama pedi iliyogoma.

"Kidole gani hakifiki?"

"Hivi viwili."

"Gumba je?"

"Gumba liko fresh."

"Sasa si useme, shem! Tunakufunga bure tu hapa."

Akavuta droo, akatoa ile ya waya, akapuliza vumbi. Mchumba wangu akaijaribu. Wembamba ule ule uliokuwa unanikera ulikaa kwenye kiganja chake bila kulazimishwa, na upande mmoja akauegemeza pajani. Akaigeuza kulia, akaigeuza kushoto. Hakuirudisha.

Kitufe cha nyuma bado kilikuwa mbali. Mdogo wangu akaingia kwenye setingi, akasema kubadilisha mchezaji ahamishie kwenye kijiti, awe anakibonyeza chini kwa gumba. Kaka mkubwa akaruka.

"Acha wewe! Akikimbia atakuwa anabadilisha bila kutaka. Weka kulia."

"Kulia kumejaa," mchumba wangu akamjibu. "Nikiweka huko pasi nitapigia nini, pua?"

"Utazoea."

"Sizoei, shemeji. We cheza kwa pua kwanza, mie nitafuata."

Mungu wangu. Mabishano yakaanza. Hakuna aliyekumbuka mechi, hakuna aliyekumbuka mgeni ni nani. Walihamisha vitufe, wakajaribu, wakarudisha, wakahamisha tena, ule mkono wa kushoto ukishikwa, ukigeuzwa, ukielekezwa hapa na pale mbele ya TV. Mimi nikafokewa, "Sista, toka hapo, unatuzibia!" Sijawahi kufurahia kufokewa namna ile.

Walipoanza upya alifungwa tena, nisidanganye. Lakini alipachika bao moja, la kunyang'anya mpira karibu na goli, na akasimama akapiga kelele ambayo ilimwamsha baba. Halafu akalalamika kwamba pedi ina mlio wa kukera. Nikajua huyu ni wetu.

Jua lilipopoa nikamsindikiza mpaka stendi. Niliporudi nikaenda kuosha vyombo jikoni, dirisha la jikoni linaangalia uani, na uani baba alikuwa ameshawaita. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Lakini sikuondoka.

"Ehe. Mmemwonaje?"

"Anabisha huyo, baba," kaka mkubwa alisema. "Kafungwa na bado anabisha."

"Anabisha kwa adabu au kwa kiburi?"

"Anabisha kwa hoja. Nyingine nilikuwa nimekosea mimi, ila sikumwambia."

"Ila kukaba bado hajui," mdogo wangu akadakia. "Nimemwambia Jumapili ijayo aje nimwelekeze."

Nilimsikia baba akivuta kiti. Kisha akashusha sauti, lile swali alilolishikilia tangu mezani.

"Na ule mkono?"

Nikafunga bomba la maji.

"Mkono upi?" mdogo wangu akauliza, na akafikiri kidogo. "Aah, ule. Tumeshahamisha batani."

"Haya," baba akasema. "Mwambieni dada yenu, huyo kijana alete barua ya posa." Nikakaa juu ya ndoo palepale jikoni, mikono imejaa povu, nikalia kwa furaha wala sikujali nani ananisikia.