Mapezi ya Mwenyekiti Twalibu

Ukisema Tabora kuna chama cha wazamiaji, wengi wanadhani ni wale wanaokula pilau kwenye harusi wasizoalikwa. Hata ofisa aliyekuja kufungua mkutano wao wa kwanza alidhani hivyo, akauliza kwa upole kama wanachama wangependa ushauri nasaha. Mwenyekiti, Twalibu, muuza magodoro wa Isevya, akamweleza kwamba wao ni wazamiaji wa majini. Ofisa alitupa jicho dirishani, akaliona vumbi la mwezi wa tisa, akaufungua mkutano hivyo hivyo.

Twalibu hakuwa na utani. Aliamini kwamba babu wa babu yake aliongoza misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji, na kwamba mtumbwi wake mmoja ulizama Ziwa Tanganyika ukiwa umejaa, naye alitaka kuuzamia. Kuamini hivyo si ajabu. Tabora ya leo sote ni vitukuu vya viongozi wa misafara. Wapagazi, inaelekea, walikufa bila kuzaa.

Kuogelea alijua, alijifunza utotoni katika bwawa la Igombe. Tatizo lilikuwa magoti. Yalikuwa yamesagika, na alipoinuka kitini yalilia mpaka wateja waligeuka. Mwenyewe alisema ni mpira wa ujanani. Mkewe, Asmahani, aliyekuwa mweka hazina wa chama, alisema ni uzito. Twalibu alikunywa maji ya bamia miezi kadhaa ili ute urudi magotini. Kilichorudi ni kiungulia.

Basi ikafika siku ya kuchagua mapezi, yale ya kuvaa miguuni ili kusukuma maji. Asmahani alishauri wampigie simu Advera, mwalimu wa kupiga mbizi mwenye duka la vifaa Kigoma, wamweleze habari za magoti. Twalibu alikataa. Alikuwa ameona kwenye simu picha ya kijana mwenye kifua kipana, amevaa mapezi meusi, marefu kama mbao za kitanda. Akaagiza hayo hayo kutoka Dar es Salaam. Katibu wa chama, mzee Emilian, aliyewahi kuwa mkuu wa stesheni ya Igalula, aliunga mkono hoja. Emilian huunga mkono kila hoja. Ndiyo sababu alichaguliwa.

Mapezi yalipofika, Twalibu aliyajaribu kwenye bwawa la hoteli moja mjini. Alikwenda upande mmoja, akageuka, na katikati ya kurudi goti la kulia likagoma. Wahudumu wawili walimtoa wakiwa na sare zao, mmoja bado ameshika menyu. Aliwaambia kwamba maji ya bwawa lile ni mazito kwa sababu ya dawa.

Mtaalamu wa viungo aliyemwona baadaye alimweleza vizuri tu kwamba ubao mgumu unasukuma maji mengi, na maji nayo yanalisukuma goti. Atafute mapezi laini na mepesi, au aache. Twalibu akarudi kwenye kikao akaripoti kwamba, kwa mujibu wa mtaalamu, mguu wake una nguvu kuliko goti lake. Wanachama walipiga makofi.

Wakapanda treni kwenda Kigoma, yeye, Asmahani na mapezi meusi, ambayo hayakuingia kwenye begi lolote na yaliwagonga abiria njia nzima.

Advera alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Aliwaamkia, akawakaribisha, akazitazama zile mbao. Kisha akamwuliza Twalibu magoti humuuma zaidi akipanda ngazi au akiteremka.

“Hayaumi,” alisema Twalibu.

“Kupanda na kuteremka,” alisema Asmahani. “Na kuswali anakaa kwenye kiti.”

Advera akaleta jozi nyingine. Zilikuwa fupi, laini, zimepasuliwa katikati ili maji yapite, na nyuma zina mkanda wa springi, kwa hiyo mtu hahitaji kuinama na kuvuta. Akaeleza kwamba teke litoke nyonga, liwe dogo, goti lilegee. Na mapezi huvaliwa majini, si kutembelea ufukweni kama bata. Maneno yote hayo Twalibu aliyasikiliza kwa adabu. Lakini jozi za saizi kubwa zilizobaki zilikuwa za zambarau.

“Mimi ni mwenyekiti,” alisema.

Asmahani ndiye aliyeketi akayajaribu. Magoti yake nayo yalimuuma, huu mwaka wa nne. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Halikuwa kwenye ajenda. Alizungusha vifundo vya miguu, akasema hayambani popote, akayachukua.

Asubuhi iliyofuata walitoka na mashua ya Advera, baada ya mazoezi ya kupumua kwa mtungi wa hewa karibu na ufukwe. Twalibu alivaa meusi. Alipiga mateke matatu ya nguvu, akatoa sauti ambayo nitaiita kikohozi, akarudishwa kwenye mashua. Akakaa pale anasugua goti, anamwambia nahodha habari za pembe za ndovu, na chini yake mkewe anazama taratibu akishikwa mkono na Advera.

Asmahani alipoibuka, alishika ukingo wa mashua, akavua miwani. Kisha akasema ameona samaki wadogo wenye milia wanaochungulia kwenye mawe, kama majirani.

“Na pembe?”

“Tairi la pikipiki.”

Jioni ile Twalibu alikula kidogo. Kesho yake, kabla ya chai, alimfuata Advera dukani peke yake na kumwuliza kwa sauti ya chini kama ile rangi ikilowa haigeuki kuwa nyeusi. Advera akamwambia haigeuki. Twalibu akachukua jozi ya zambarau.

Na majini, lazima niseme ukweli, kitu kilimpata. Mguu ulikwenda na goti halikusema kitu. Mzigo wote ule aliouzungusha Isevya miaka nenda rudi, maji yakaubeba. Alielea juu ya mawe akitazama samaki wa mkewe, na Advera anasema hakugeuza kichwa kutafuta pembe hata mara moja. Alipopanda mashuani macho yalikuwa mekundu, akasingizia miwani. Hakunena mpaka nchi kavu.

Nchi kavu akanena. Kwenye kikao cha Tabora alieleza jinsi mwenye duka alivyotaka kumlazimisha achukue mapezi magumu, na jinsi yeye, kwa uzoefu, alivyong'ang'ania laini. Zambarau, alisema, ni rangi ya kitaalamu. Emilian akaandika yote. Asmahani alimtazama mumewe kwa muda, akafunga mkoba wake, na uchaguzi ulipofika akachukua fomu ya uenyekiti.

Alishinda kwa kura nyingi. Emilian aliunga mkono matokeo. Ili Twalibu asinune, wakamtungia cheo cha Mshauri Mkuu wa Mapezi, nacho amekipokea kwa uzito wote. Asmahani sasa huenda Kigoma kila likizo, na humchukua Twalibu akiwa na tabia njema.

Siku nyingine zote yuko kwenye duka lake la magodoro anashauri. Juzi alikuja bibi mmoja kutoka Ntalikwa, mkulima, Josepha kwa jina, kutafuta godoro lisiloumiza magoti. Twalibu alimketisha, akamletea pezi la zambarau, akamweleza mpasuko, springi na teke la nyonga mpaka chai ikapoa. Josepha alilipindapinda mkononi, akauliza kama linafaa kwenye jaruba la mpunga.

Twalibu alifikiri sana, akamwahidi kulifikisha kwenye kikao.