Mapipa ya Uwanja wa Nyuma

Kabedi alizaliwa Musonoi, huko Katanga, akaolewa Musonoi, na tangu ujana wake alifua makoti ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba. Kasai, nchi ya baba yake, hakuwahi kuitia machoni. Lakini mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, majirani waliokuwa wakiazima chumvi kwake walimwita kilulu, mdudu, wakamwambia arudi kwao. Alitoka na godoro, sufuria, na binti yake Tshibola mwenye mimba kubwa. Wakatandika godoro kwenye stesheni ya Kolwezi, katikati ya wenzao wengi, kungoja treni.

Treni haikuja. Maji nayo yalikuwa ya kugombania: bomba lilikuwa moja, na vijana wenye fimbo walilikalia.

Mchana mmoja lori la kiwanda likaingia na mapipa ya buluu. Juu yake alisimama Kalumba, mkuu wa uwanja wa kiwanda, ambaye koti lake Kabedi alilifua miaka mingi.

"Ni zawadi! Muweke mayi, munywe, muende salama!"

Watu wakampigia makofi. Kabedi akaingiza kichwa ndani ya pipa moja, akakitoa upesi. Harufu ile aliijua. Makoti ya uwanja wa nyuma, unakotupwa uchafu wa asidi, yalifuliwa peke yake, na bado yalimchuna ngozi ya vidole.

"Tata Kalumba, hizi ni za kule nyuma."

"Na kama ni za nyuma?" Kalumba akashuka, akateremsha sauti huku akitabasamu. "Kesho inspekta anakuya toka Kinshasa. Uwanja inapashwa kuwa safi. Na muji pia, mama."

Watu waliyapanga mapipa wazi, kukinga maji ya mvua wayanywe. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Nzilo. Kabedi akapita kwa kila mmoja akiwasihi wayalaze chini. Barnabé, mwalimu aliyefukuzwa pamoja nao, akamgeukia.

"Mama Kabedi, nani hapa hakunywa mayi ya mapipa ya kiwanda mu butoto?"

"Zile zilikuwa za mafuta. Tulizichoma na nyasi, tukazisugua na majivu. Hizi, majivu haiziwezi."

"Banatufukuza, banatupiga, na wewe unatukataza mayi! Ao unataka kuziuzisha?"

Mwanamke mmoja akamtemea mate. Kando ya godoro, Tshibola, midomo imepasuka kwa kiu, alikuwa ameshika kikombe mkononi akitazama juu.

Asubuhi, mvua ikiwa bado haijashuka, Kabedi alibingirisha pipa moja peke yake hadi lango la kiwanda. Mkaguzi alikuwa amefika, viatu vinang'aa, Kalumba yuko ubavuni mwake.

"Kilulu! Mwizi!" Kalumba akafoka kabla hajaulizwa. "Bwana inspekta, hawa bantu banaiba mpaka mapipa!"

Mkaguzi akalinusa pipa, akarudi nyuma. "Kumbe ni lenu?"

Kalumba akalisukuma pipa kando kwa mguu.

Kabedi aliona kwamba yule bwana hakumtazama yeye hata mara moja. Ukweli wake usingepata masikio pale. Uongo wa Kalumba ulikuwa umeshayapata.

"Ndiyo, niliiba," akasema. "Si hii moja. Zote ziko ku stesheni. Mutume lori mbele ya mvua kunyesha."

"Anadanganya huyu!"

"Tata Kalumba, si ni wewe umesema mi ni mwizi?"

Walinzi wakacheka. Mkaguzi akaamuru mapipa yote yarudishwe uwanjani ayaone, kisha akaingia ndani bila kuuliza lolote juu ya watu wa stesheni. Askari akamfunga Kabedi mikono kwa kamba.

"Treni ikikuya leo, itakuacha, kilulu."

"Iniache."

Lori likawashwa. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga mabati ya lango. Kabedi akampigia dereva kelele:

"Iko moja karibu na godoro, penye binti mwenye mimba! Mubebe ile kwanza!"