Mtu Akiitwa Kambale

Juzi nilikuwa Beni, mtaa wa Beu, nimejibanza chini ya bati la duka nikingoja mvua ipungue. Kando yangu mama mmoja alikuwa anachoma ndizi. Akainua kichwa akaita, "Kambale!" Hakuna aliyeitika. Akaita tena. Baada ya muda nikaona jicho la mtoto nyuma ya gunia la makaa. Likamtazama mama, likanitazama mimi, likatazama barabara pande zote mbili. Ndipo mtoto akatoka, kimya, akasimama mbele ya mama yake. Nilidhani atapigwa kofi. Mama akampa ndizi.

"Huyu haitikake?" nikamuuliza.

"Nilimukataza, papa. Na hii vita, mutu akikuita, unaangalia kwanza ni nani. Kuitika ni nyuma."

Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Mvua iliisha, watu wakaondoka, mimi nikabaki pale pale nimekaa juu ya kreti ya bia. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi Butembo ya zamani, na wewe msomaji wangu, kama una nafasi, kaa hapa karibu nikusimulie.

Kwetu sisi Wanande mtoto hachaguliwi jina. Jina linamngoja. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na hivyo hivyo mpaka tumbo la mama lichoke. Mimi ni Kasereka. Kaka yangu alikuwa Kambale. Aliyemtangulia alikufa akinyonya, kwa hiyo watu walimwita mama yangu Mama Kambale. Upande wa pili wa ua wa miti aliishi jirani yetu, mjane aliyepika kasiksi, ile pombe ya ndizi, na yeye pia alimzika wa kwanza akabaki na wa pili. Naye alikuwa Mama Kambale. Mtu akiita jina hilo asubuhi, wanawake wawili waliitika, kila mmoja kutoka jikoni kwake, halafu wakachekana.

Kuitika ndilo lilikuwa somo la kwanza nyumbani. Mama hakujua kusoma, lakini hilo alilifundisha kuliko padri alivyofundisha katekisimu. Ukiitwa, weka chini ulichoshika, simama, sema "Eee" kwa sauti. Usipoitika mara ya kwanza hukupata maharagwe. Hata leo, mzee kama nilivyo, mtu akitaja jina langu sokoni miguu inanyooka yenyewe.

Butembo ya wakati ule ilikuwa baridi na ukungu, moshi wa mikalitusi, na harufu ya matofali yakichomwa bondeni. Kila familia ilikuwa na kipande chake cha mteremko. Sisi tulikuwa na shamba moja tu la maana, lile la chini karibu na kijito, udongo mweusi, migomba mpaka kwenye maji na maharagwe katikati yake. Ndizi zake zilikwenda kwa jirani kuwa kasiksi. Shamba lile lilitulisha, likatuvika, likatulipia karo ya shule ya msingi.

Halafu uhuru ukaja. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka nyimbo na nyama ya mbuzi. Watu wakubwa waliona kitu kingine: viti. Wazungu wa ofisi walifunga masanduku wakaenda, viti vyao vikabaki, na makarani waliokuwa wakisimama mlangoni wakiwa wameshika kofia mkononi wakaingia wakavikalia. Baba alikwenda ofisini kwa shauri la mpaka wa shamba, akarudi, hakugusa chakula mpaka kikapoa. Mwishowe akasema, "Ule kijana wa kupiga muhuri, leo iko nyuma ya meza. Na amenona."

Basi mwalimu wa kaka yangu alimkuta baba katika hali hiyo. Alikuwa mtu wa Kasai, aliyetumwa kwetu na serikali, mwenye viatu vilivyong'aa hata kwenye matope. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada akakaa kwenye kiti chetu kimoja.

"Mzee, huyu mutoto iko na kichwa. Amalize masomo ya sekondari, aende chuo kikuu kule Léopoldville. Akiishia hapa, ni hasara."

"Mwalimu, safari na masomo, ile yote ni shamba la chini. Nikiuza, hawa wengine batakula kichwa yake?"

Mwalimu akacheka. Baba hakucheka. Mama, aliyekuwa anachambua sombe, yale majani ya mihogo, alisema bila kuinua macho kwamba shamba halijawahi kurudi nyumbani wakati wa likizo likiwa na barua ya kufukuzwa shule. Likizo ile nzima walibishana, polepole, usiku baada ya chakula. Baba alitaka na hakutaka. Kaka aliwasikiliza kama mbuzi anayesikia watu wakipatana bei yake.

Kambale wa jirani ndiye aliyetuchekesha. Alikuwa mfyatua matofali, mikono kama majembe, hakupita kalasi ya pili. Alinibeba mabegani, alinifundisha kupiga mluzi kwa jani la mgomba. Alimwita kaka yangu Bwana Ofisi.

"Bwana Ofisi, kuya useme na hii mbuzi yangu Kifaransa. Kiswahili anakatala."

Na kaka, kwa sauti ya mwalimu wa Kasai, alimhubiria mbuzi, na sisi tukaanguka chini kwa kicheko. Walipendana hao wawili. Kaka alipokua na shati lake la shule likawa fupi kwake, alimpa Kambale mwenzake, kwa kuwa yule alikuwa mpana lakini mfupi. Lilikuwa jeupe, na mfukoni limeshonwa alama ya shule kwa uzi wa bluu. Alilivaa siku za soko tu.

Mwaka ule, wa nne baada ya uhuru, waasi walifika. Tulianza kusikia habari zao kwa madereva wa malori ya kutoka upande wa Stanleyville, kisha mwalimu wa Kasai akatoweka bila kuaga, akiacha viatu vyake mlangoni. Halafu wakawa hapa, vijana wengi wao, vipande vya ngozi za wanyama vichwani, mikuki na bunduki chache. Walisema uhuru umeibwa na watu wa kalamu. Walitafuta makarani, walimu, wanafunzi, kila mwenye kujua Kifaransa. Baba alimficha kaka kwenye kibanda cha juu, msituni, tukampelekea viazi.

Siku ya soko ilipofika mama alikwenda kuuza, kwa kuwa tumbo halijui waasi, nami nikamfuata. Soko lilikuwa dogo na watu walizungumza chini chini. Waasi wakaja. Kiongozi wao hakuwa mtu wa kwetu, Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kilingala. Mtu fulani, mpaka leo sijui nani, alimwambia kuna Kambale wa kilima chetu aliyesoma sana. Akasimama katikati ya soko akaita:

"Kambale!"

Unajua kilichotokea. Wanaume wanne au watano wakasimama. "Eee," walisema, hapa na pale, mmoja ana kuku mkononi. Walikuwa wamelelewa vizuri.

"Munanichekelea?" yule akauliza. "Bote Kambale?"

Mzee mmoja akajaribu kumweleza kuhusu mtoto wa pili na mtoto wa tatu. Hakusikiliza. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, na jicho lake likafika kwenye shati jeupe. Kambale wa jirani alikuwa ametua mkungu wa ndizi miguuni, amesimama wima.

"Wewe. Unajuaka Kifaransa?"

"Non, chef," akajibu.

Sisi sote tulisema hivyo. Bibi zetu ambao hawakuwahi kuona ubao walisema *non*, yaani hapana kwa Kifaransa, na *merci*, ndivyo mtu alivyojibu mkubwa tangu enzi ya Wabelgiji. Kambale alikuwa anasema ukweli wake wote. Lakini yule kiongozi alicheka, akawageukia wenzake, akarudia, "Non, chef," nao wakacheka, na kwa muda mfupi Kambale mwenyewe alicheka nao, akidhani mambo yamekwisha.

Mama alisema, "Huyu haiko mutu wa masomo. Iko mutu wa matofali. Angalia mikono yake." Mtu mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akaanguka juu ya viazi vyake. Mama hakusema shati ni la nani. Angesema, wangeuliza mwenyewe yuko wapi. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga.

Walimpeleka kwenye barabara ya Beni. Hakurudi, na mwili hatukuuona. Mkungu wake ulibaki sokoni mpaka ukaiva, hakuna aliyeugusa.

Askari wa serikali waliporudi, nao wakala mbuzi wetu, shule zilifunguliwa. Kaka alishuka kutoka msituni amekonda, akachukua jembe. Alisema hataki kusikia habari ya shule tena. Baba naye alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo: shamba litabaki, mtoto atabaki. Mama aliacha kuitika jina la Mama Kambale. Aliwaambia watu wamwite Mama Kasereka, lile lingine ni la jirani peke yake.

Jioni moja jirani alikuja. Hakuingia ndani, alikaa nje kwenye jiwe la kunolea.

"Baba Kambale, nasikia shamba hauuzi."

"Siuzi tena, mama. Masomo imetutosha."

Jirani alikuwa bado ana povu la kasiksi kwenye mikono.

"Wangu balimuua juu ya masomo ya wako. Wako akiacha masomo, basi wangu alikufa juu ya nini?"

Kabla ya mvua za pili shamba la chini lilikuwa la mtu mwingine.

Na kwa kuwa shamba lilikuwa moja, mimi niliacha shule kalasi ya tano. Nimepakia kahawa kwenye malori, nimelima Kasugho, nimeuza chumvi Mangina, sijakaa mahali mvua tatu. Husoma kila karatasi inayofungiwa sukari. Watu huniuliza kama nina uchungu na kaka yangu. Siku nyingine ninao. Lakini mimi nilipoteza madawati tu.

Kaka alimaliza. Alirudi na diploma, akaipeleka kwa jirani kabla ya kuja kwetu. Jirani hakuishika, mikono yake ilikuwa michafu. Alimuuliza kama amekula. Baadaye kaka alipewa kiti katika mkoa wa mbali, nyuma ya meza kweli, na mshahara uliokuja miezi mingine na mingine usije. Hakunona. Akizeeka angerudi wapi, wakati shamba lilishajengwa nyumba za watu? Alizikwa kule kule.

Kama masomo yake yalistahili bei ile, nimeulizwa na vijana wanaotaka kuuza pikipiki za baba zao waende chuo. Huwaambia sijui, kwa sababu aliyelipa hakuulizwa.

Ninachojua ni hiki. Kila mara kaka alipokuja likizo, ikifika saa ya ukungu kushuka, jirani alitoka uani kwake, akauelekea mteremko, akaita, "Kambale!" Alimwita nani, hatukujua, na hatukumuuliza. Kaka yangu aliweka chini kitabu, au kijiko, akasimama wima.

"Eee, mama," alisema, kwa sauti, bila kungoja kuitwa mara ya pili.

Naye jirani alirudi ndani, akafunga mlango.