Mtungi Mmoja wa Hewa ya Samaki

Kitendawili!

Mmoja kapanda ngazi siku tatu, kafika mzima. Mwingine karuka ngazi zote kwa pumzi moja, kafika hasimami.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Bujumbura, nimekwenda, nimekula, nimerudi.

Wa kwanza ni samaki. Wa pili ni Kalisti, mwanangu wa kumzaa.

Mimi ni Bibi Veneranda wa Ujiji. Nawapikia wazamiaji huku ufukweni, kusini mwa mji. Wanakamata visamaki vya mapambo, vidogo, vina rangi kama kanga mpya. Vinapanda ndege hadi Ulaya, vinakaa kwenye vioo sebuleni kwa watu.

Haviliwi! Siku ya kwanza kuambiwa nilicheka mpaka nikaunguza maharage.

Sasa, samaki wa kina kirefu hatolewi ghafla. Tumbo linavimba, anakufa. Wanamtia kwenye kitundu cha wavu, wanamvuta juu kidogo, analala hapo. Kesho kidogo tena. Siku tatu ndiyo anaona jua.

Na mzamiaji je?

Dakika tu. Anavuta hewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa iliyoko botini, anajaza wavu wake, huyo anaibuka. Kisha anashuka tena.

Kalisti naye alikuwa mzamiaji, na mwezi wake wa tatu kazini magoti yakaanza kumuuma. Nikamwambia, "Hiyo baridi ya ziwa, mwanangu." Kila jioni nikawa namkanda kwa mawese ya moto. Wazamiaji wote hapa wanakandwa hivyo, na mama zao, na wake zao. Asubuhi maumivu yamepoa, anarudi kazini.

Nilijiona fundi kweli.

Jumatatu moja akaja Oswald, msimamizi wao, simu mkononi, jasho linamtoka.

"Jamani, oda imeongezwa. Ndege Alhamisi. Samaki wanataka siku tatu, kwa hiyo leo leo wawe kwenye vitundu. Tukichelewa mteja anahamia ng'ambo ya ziwa, na hapa tunafunga."

"Kaka, tumeshashuka mara mbili," akasema Martini, mzamiaji mwenzake Kalisti.

"Basi ya tatu na ya nne. Au nimpigie bosi Dar nimwambie mmelala?"

Martini alikataa, kichwa kinamuuma. Kalisti akanigeukia anacheka.

"Mama, niwekee ugali wangu. Uwe mkubwa, usinifanyie ubahili."

Akashuka ya tatu.

Akashuka ya nne.

Aliibuka anatabasamu. Akakaa, akamega tonge. Tonge likabaki mkononi.

"Mama, nani kanikalia miguu?"

Hakuna aliyemkalia.

Yebaba we! Nikakimbilia mawese yangu. Namkanda, nakandamiza, hasikii. Nikamfinya kwa kucha. Hasikii!

Martini akampigia Catherine, muuguzi, binti wa rafiki yangu wa mtaa wa Mwanga. Akaweka spika.

"Bibi, acha kumkanda! Mlaze chali. Huyo kapanda haraka, hewa imegeuka mapovu mwilini. Mleteni hospitali sasa hivi, na njiani avute oksijeni. Mnao mtungi?"

Tukatazamana.

Mtungi upo. Uko chumba cha samaki. Ndio wanaojazia mifuko ya samaki kabla ya safari.

Nilipofika, Oswald kasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Lakini huo ni wa samaki. Ni mmoja tu, mwingine mpaka utoke Dar. Ukiisha, Alhamisi tutafunga mifuko na nini? Hapa kuna kazi za watu kumi na wanne."

"Marahaba. Pisha."

"Bibi, nitafukuzwa."

"Na mimi nitazika. Sasa nizuie, ila nizuie ukinitazama usoni."

Hakunitazama. Wala hakupisha.

Nikageuka nyuma. Wazamiaji kila mmoja anaangalia vidole vyake. Nao wana watoto, sikuwalaumu.

Nina miaka sitini na nane na nimebeba madumu ya mawese tangu usichana. Nilimpiga Oswald kikumbo cha bega, akaenda kukaa kwenye maboksi.

Martini akapita juu yake, akabeba mtungi. Akaunganisha mpira, akamtia Kalisti kile kidude cha mdomoni cha kuzamia. Tukampakia nyuma ya pikapu.

Barabara yote nilitazama vitu viwili: mshale wa kipimo cha mtungi na miguu ya mwanangu. Mshale unashuka. Miguu imelala kama ya mtu mwingine.

"Vuta, baba. Vuta."

Tulipokaribia hospitali mshale ulikuwa umegusa mwisho. Hapo ndipo kidole gumba cha kulia kikacheza. Kidogo tu. Nililia kwa sauti mpaka dereva akadhani Kalisti amekufa.

Kalisti yu hai. Mguu wa kulia umerudi. Wa kushoto anauburuta, na majini hatashuka tena.

Alhamisi ndege iliondoka bila samaki. Tukakaa kusubiri kufukuzwa. Bosi wa Dar akamwamuru Oswald amwandikie mteja mwenyewe, aombe radhi.

Wiki moja baadaye Oswald akaja nyumbani. Hakukaa. Akasoma jibu la mteja kwenye simu:

"Hakuna shida. Mimi sikutaja Alhamisi. Hata mwezi ujao nitawapokea. Je, samaki hawajambo?"



"Sasa Alhamisi ilitoka wapi?" Kalisti akauliza.

"Nimefuatilia. Wakala wa mizigo alipata nafasi ya bei nafuu kwenye ndege ya siku hiyo. Akamwambia bosi ni lazima. Bosi akaniambia mimi mteja ana hasira."

"Na wewe ukaniambia mimi."

"Nami nikakwambia wewe."

Na mimi, wajukuu zangu, nilimpoza magoti miezi mitatu ili awahi kazini. Sijajitoa humo.

Kampuni haijafunga. Samaki wanaendelea kusafiri. Ila ninyi mnaofanya kazi ambayo mwenye oda yuko mbali hamumjui, mkiambiwa "haraka, mteja anasubiri", ombeni muoneshwe alipoandika. Ombeni kabla hamjashuka. Kalisti wangu aliuliza swali hilo akiwa tayari na mkongojo.