Nambari Kwenye Ukurasa Mtupu

Zamani bomba likivuja tuliuliza sikio, leo linaulizwa faili.

Miaka thelathini nilitafuta mivujo ya maji hapa mtaani Bahati kwa nondo ya chuma: ncha moja juu ya bomba, nyingine sikioni. Sikusomea; nilifundishwa na bomba. Nilipostaafu, nondo ikawa kigingi cha mbuzi, na hakuna aliyekuja kuniuliza ninajua nini. Isipokuwa Lynn Muiruri, fundi wa umeme, binti wa jirani, anayeniita guka, yaani babu.

"Guka, hiyo nondo husikia nini hasa?"

Nikamwambia: mvujo mdogo hulia kama sufuria ya chai kabla haijachemka, mkubwa hunguruma. Akaandika yote. Baada ya miezi minne alirudi na kikopo chenye sumaku, unakibandika kwenye bomba na kinachora sauti kwenye simu. Tukakijaribu karibu na soko. Mstari ukaruka! Nikaweka nondo palepale, nikasikia chai. Tukachimba futi tatu, maji yakaturukia usoni, tukacheka kama vichaa. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nistaafu.

Ndipo ikaja tenda ya serikali, ya kusikiliza mabomba yote ya Bahati. Lynn akaiomba. Mara ya kwanza walimtupa nje: ukurasa mmoja wa faili yake haukuwa na nambari. Tenda ikatangazwa upya. Akaweka nambari zote, wakamtupa tena: migongo ya kurasa, ile mitupu, haikuwa nazo.

"Wananunua kifaa ama nambari?" nikafoka.

Wiki hiyo shamba la maua la Ndabibi likamwita aanze kazi Jumatatu, bila faili yoyote. Nikamwambia aende, aachane na hawa wa tenda.

"Huko mabomba ni mapya, guka, ramani iko ukutani. Hapa kuna chuma cha miaka sitini na hakuna mtu anajua kinapita wapi. Hiyo ndiyo raha! Wanatangaza tena kesho. Shika kalamu, wewe andika zile kurasa tupu."

Tuliandika nambari mia tatu na kumi na mbili, hata nyuma ya jalada.

"Na kwapani?" nikamuuliza.

"Wakitaka, nitaandika."

Ndabibi hakwenda. Tenda akaipata.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo kando ya barabara, matope hadi viwiko, mafundi wa idara ya maji wakimngoja aseme. Akavua sikioni kisikizi kimoja cha kifaa chake, akaninyooshea.

"Guka, nisaidie. Ni chai ama ni mngurumo?"

Nikainama. Ilikuwa chai.