Maradhi ya Pikipiki ya Shangazi

Jirani yangu alileta mtu wa kukata mkaratusi uliokuwa umeinamia bati lake. Yule mtu akavuta kamba ya msumeno wake wa injini mara kadhaa, ukakohoa, ukawaka, na moshi wa samawati ukaruka ua mpaka nilipokuwa nikianika nguo. Nilisimama na shuka mbichi mikononi. Ilikuwa harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, harufu ambayo pikipiki za siku hizi hazina tena. Mwingine angeziba pua. Mimi nilivuta pumzi ndefu, na mara nikawa nimekaa nyuma ya Shangazi Yustina, shavu langu limelala kwenye koti lake, tunateremka kutoka Isansa kwenda Tunduma.

Shangazi Yustina alikuwa dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alikuwa Mkwajuni akitafuta dhahabu, na kila alipokuja nyumbani alikuwa mwembamba kuliko alivyoondoka. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: Bibi, Shangazi na mimi. Shangazi alikuwa bibi shamba. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia wakulima wa kahawa, kuwaonyesha namna ya kupogoa matawi na kuwaambia mapema mibuni ikianza kuugua. Bibi alipenda kusema kwamba mwanawe anajua homa za miti kuliko za watu.

Pikipiki aliinunua kwa bwana shamba mmoja mzee aliyekuwa anastaafu. Hata wakati ule ilikuwa ya mtindo wa zamani: nyepesi, ya silinda moja, taa ya mbele ya mviringo kama sahani, tangi la rangi ya maziwa lenye mpira mweusi pande zote mbili wa kubania magoti. Asubuhi za Juni, ukungu ukiwa umelala juu ya mahindi na vidole vimekufa ganzi, Shangazi aliipiga kiki mara moja, mara mbili, akaibembeleza kwa kidole kwenye kabureta, nayo ikaitika. Alivaa suruali, akafunga kitenge juu yake ili wazee wasipate la kusema. Mimi alinipakia nyuma na kunifunga kiunoni mwake kwa kitenge kingine, kama mtoto mchanga, ingawa nilikuwa tayari ninasoma.

"Umekaa vizuri?"

"Ndiyo, Shangazi."

Bila kusema hivyo hatukuondoka.

Shule zikifungwa nilikwenda naye mashambani. Siwezi kuwaeleza vya kutosha utamu wa kupita katikati ya mibuni iliyochanua, maua meupe kila upande na harufu yake inakuingia mpaka kooni, huku injini ikinguruma taratibu chini yako na mgongo wa mtu unayemwamini ukikukinga upepo. Tukipanda mlima alisema, "Egemea mbele, tuisaidie." Nami niliegemea kwa nguvu zangu zote, nikiwa na hakika kwamba bila mimi tusingefika juu.

Lakini pikipiki yetu ilikuwa na afya mbaya. Karibu kila mwisho wa mwezi, Jumamosi, Shangazi aliinama juu yake, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Plagi," alisema. Au, "Cheni inalia." Au, "Hii klachi siielewi." Basi hakuna namna, lazima twende Tunduma kwa fundi.

"Pikipiki yako ina ajabu," Bibi alimwambia siku moja, akipepeta mahindi. "Jumatatu mpaka Ijumaa ni nzima kabisa. Inaumwa Jumamosi tu."

"Ni plagi, Bibi," nilimtetea Shangazi kwa ukali.

Bibi alinitazama kwa huruma fulani, akaendelea kupepeta.

Kwenda Tunduma kulikuwa na maandalizi yake. Shangazi alioga mapema, akajipaka mafuta mpaka mikononi, akavaa shanga nyekundu ambazo wakulima hawakuwahi kuziona. Nilidhani mjini ndivyo watu wanavyokwenda. Tulishuka kwa barabara ya vumbi mpaka tukashika lami, tukapita Vwawa, tukapishana na malori marefu yanayotoka Zambia, na kila lori lilipopita pikipiki yetu iliyumba kidogo, nami nikafumba macho. Baada ya Chapwa nilianza kunusa Tunduma: dizeli, mishikaki, ngozi za viatu vipya. Ni miaka ile bidhaa zilipoanza kufurika pale mpakani, redio, magodoro, vitenge vya kila rangi, na watu wakipita huku na huku kama vile mpaka ni mfereji mdogo tu wa kuruka.

Fundi wetu aliitwa Ba Lameki. Hiyo "Ba" ni heshima ya upande wa pili, kama sisi tunavyosema "mzee" au "bwana". Alikuwa Mnamwanga wa Nakonde, na kila asubuhi alivuka kuja kwenye kibanda chake cha spea upande wetu. Cheni na tairi zilining'inia pale kuanzia juu hadi chini. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ovaroli iliyofuliwa vizuri kuliko ovaroli ya fundi yeyote niliyewahi kumwona.

"Mulishani, mayo?" aliniamkia kwa Kibemba, akiinama kidogo na kupiga makofi mepesi, kana kwamba mimi ni mama mzima mwenye nyumba yake.

"Bwino," nilijibu kama alivyonifundisha, na hapo nilipata soda na skonzi.

Kisha alianza matibabu. Aliifungua plagi, akaitazama juani, akaipuliza, akaisugua kwa brashi ya waya, akairudisha palepale ilipotoka. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima. Shangazi alikaa kwenye kigoda karibu naye, wakazungumza kwa Kiswahili, wakaingia Kinamwanga, wakatoka na Kibemba, na Shangazi akicheka. Nyumbani alikuwa mtu wa kutabasamu. Kule alicheka mpaka akashika mbavu. Nilifikiri ni kwa sababu pikipiki inapona.

Jumamosi moja baada ya mavuno ya kahawa, vumbi likiwa jingi na upepo wa baridi, tulikuta kibanda kimepungua vitu. Tairi hazikuwepo juu. Ba Lameki aliniamkia kama kawaida, lakini hakukaa. Alisema, "Yustina, ni mwezi ujao. Kaka yangu ameshapata sehemu ya gereji Ndola. Nyumba ipo. Nimekuambia tangu mwaka jana."

"Na Mama?"

"Tutakuwa tunakuja kumwona."

"Na huyu?" Shangazi hakunitazama.

"Huyu aje. Nilikataa lini? Shule kule zipo."

"Baba yake hataki. Nilimuuliza alipokuja Pasaka. Anasema mwanawe hatavuka mpaka, na nikienda nimwachie Mama." Alishika shanga zake. "Mama hawezi hata kuinua ndoo, Lameki. Atamlea vipi?"

Mimi nilikuwa nikinywa soda yangu taratibu ili isiishe. Katika maneno yote hayo nilielewa jambo moja, kwamba Ba Lameki anasafiri, na kwamba huenda skonzi zikapungua.

Ba Lameki alichuchumaa kwenye pikipiki, na siku ile aliitengeneza kweli. Alibadilisha cheni. Alibadilisha waya za klachi na za breki, akafungua kabureta akaiosha kipande kwa kipande, akakaza kila nati, akaweka plagi mpya kabisa iliyong'aa. Shangazi alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akimwangalia. Hapakuwa na kicheko. Jua lilipoanza kulegea Ba Lameki alisimama, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Nimeifunga vizuri," alisema. "Haitakusumbua tena."

Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Ungeacha hata kitu kimoja kibovu."

Nilimshangaa. Nani anataka arudishiwe pikipiki ikiwa na ubovu? Nikadhani amekosea kusema, watu wazima nao hukosea. Ba Lameki alinipigia makofi yale mepesi ya kuagana, akanishika kichwani. Tuliondoka. Injini ilikuwa tulivu kuliko nilivyowahi kuisikia.

Tulipoipita Chapwa, Shangazi alisimama kando ya barabara. "Ngoja ipoe," alisema, akanifungua kitenge na kunishusha. Kisha alitembea mpaka ukingoni mwa shamba lililokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu, akasimama pale akinipa mgongo. Nililifuta tangi vumbi kwa upindo wa gauni langu. Nililifuta likang'aa, nikalifuta tena, maana alikawia. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nikaona ni vumbi, kwa sababu hata yangu yaliwasha.

Alinifunga kiunoni mwake, akakaza sana.

"Umekaa vizuri?"

"Ndiyo, Shangazi."

Tangu siku hiyo pikipiki haikuugua tena. Mwezi uliisha, ukaja mwingine, na Jumamosi Shangazi alikwenda kulima viazi. Mimi nilikuwa nimeanza kukumbuka skonzi, nikamfuata shambani nikamuuliza, "Shangazi, haiumwi leo?"

"Imepona," alisema bila kuinua jembe.

Bibi naye aliacha utani. Kuku akichinjwa, alichukua firigisi, ambayo kwetu ilikuwa ya mkubwa wa nyumba, akaiweka kwenye sahani ya Shangazi. Niliona ni haki yake, anafanya kazi nyingi.

Nilikua. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa huku Vwawa. Pikipiki ilichakaa, ikaegeshwa nyuma ya jiko, kuku wakatagia chini yake. Shangazi hakuolewa, na watu walisema ni kwa sababu ya suruali zile. Bibi alipofariki nilikaa Isansa siku kadhaa baada ya maziko, na mchana mmoja, tukichambua maharage uani, nilimuuliza kwa utani, ili nimchekeshe kidogo, "Hivi yule fundi wetu wa plagi, Ba Lameki, aliishia wapi?"

Alicheka. Kisha kicheko kikakatika, mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Nilitaka kwenda, Eliza," alisema. "Usije ukafikiri sikutaka."

Nilimngoja aongeze neno. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa, tukaendelea.

Sasa naye hayupo. Watu wakiniuliza ni lini nilikuwa na raha maishani, nawaambia ni miaka ile iliyofuata, baada ya Tunduma, tulipozunguka kahawani kila likizo na injini haizimi njiani, mimi nikiimba nyimbo za shule upeponi na Shangazi akiitikia. Sidanganyi, nilikuwa na raha. Ila siku hizi najua kwamba aliyekuwa akiniitikia alikuwa mtu anayetamani kuwa mahali pengine, na kwamba kutwa nzima nililaza shavu langu mgongoni mwake, nikisikia moyo wake ukidunda ndani ya koti, wala sikusikia kitu.